Linux inapokukatalia: chmod, kundi, ACL, su au sudo?

Ujumbe wa `Permission denied` ukitokea kwenye terminali, wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaoirudia amri ile ile wakiwa wametanguliza `sudo`, na wapo wanaolipiga faili `chmod 777` ili kila mtu aweze kila kitu na kazi iendelee. Njia zote mbili huondoa ujumbe papo hapo, ndiyo maana zimeenea. Lakini kila moja inajibu swali lake. `sudo` inahusu nani awe msimamizi wa mfumo mzima kwa muda. `chmod` inahusu nani aruhusiwe kugusa faili hili. Anayezichanganya hutoa ruhusa kubwa mno kwa tatizo dogo, na ruhusa hiyo hubaki pale pale miaka mingi baada ya tatizo kusahaulika.

Msimamo wangu nautanguliza. Tatizo likiwa la faili, lishughulikie kwa ruhusa za faili, na mara nyingi jibu ni kundi. Root, yaani akaunti ya msimamizi mkuu, iitwe pale tu ambapo kazi yenyewe ni ya mfumo: kusakinisha programu, kuwasha huduma upya, kuhariri kilichomo ndani ya `/etc`, folda ya mipangilio ya mfumo. Na hata hapo zipo njia kadhaa za kuiita, wala hazilingani.

Kabla ya kuchagua, jua nani amekukatalia

Anza na `ls -l`:

```
-rw-r----- 1 asha wahariri 18240 2025-05-04 09:12 ripoti.txt
```

Herufi ya kwanza ni aina: kistari ni faili la kawaida, `d` ni folda. Zinazofuata ni tatu tatu: za mmiliki (asha), za kundi (wahariri), na za watu wengine wote. `r` ni kusoma na thamani yake ni 4, `w` ni kuandika na ni 2, `x` ni kuendesha na ni 1. Kwa hiyo faili hili ni 640: Asha anasoma na kuandika, wahariri wanasoma tu, wengine hawana lao.

Jambo ambalo maelezo mengi huliruka ni mpangilio wa ukaguzi. Mfumo unauliza kwanza kama wewe ndiye mmiliki. Ukiwa ndiye, unasoma zile tatu za mwanzo na kuishia hapo, hata kama kundi lako lina ruhusa pana zaidi. Usipokuwa mmiliki lakini umo kwenye kundi, zinasomwa za kundi peke yake. Ruhusa hazijumlishwi. Faili lenye 060 linaweza kuandikwa na wanakundi huku mmiliki wake akikataliwa kulisoma, ingawa yeye, kwa kuwa ni mmiliki, anaweza kujirudishia ruhusa kwa `chmod`.

Kwenye folda herufi zile zile zina kazi nyingine. `r` hukuonyesha majina ya vilivyomo, `w` hukuwezesha kuongeza na kuondoa majina, na `x` hukuruhusu kupita kwenda ndani. Hivyo kufuta faili hakutegemei ruhusa za faili lenyewe, bali za folda iliyolibeba. Faili la 444 lililo ndani ya folda unayoweza kuandika linafutika. `rm` itakuuliza tu kama una hakika. Ndiyo sababu `/tmp`, ambako kila mtu anaandika, huwekwa 1777: ile 1 ya mwanzo huzuia mtu kufuta faili la mwenzake.

Sasa tazama mfano huu. Juma ni mwanakundi wa wahariri, anataka kuandika kwenye `/srv/makala/ripoti.txt`, anakataliwa. Faili liko sawa kabisa, kundi lina `rw`. Amri inayomaliza ubishi ni `namei -l`, ambayo huonyesha ruhusa za kila hatua ya njia:

```
f: /srv/makala/ripoti.txt
drwxr-xr-x root root     /
drwxr-xr-x root root     srv
drwxr-x--- asha asha     makala
-rw-rw---- asha wahariri ripoti.txt
```

Kizuizi ni mstari wa `makala`. Folda ile ni ya kundi la `asha`, si la `wahariri`, kwa hiyo Juma anahesabiwa mtu wa nje na hapiti. Hapa ukilipiga faili 777 mara mia, Juma ataendelea kukataliwa. Kinachohitajika ni `chgrp wahariri /srv/makala`, mstari mmoja, na hakuna mtu wa nje ya kundi hilo aliyeongezewa kitu.

777, kundi au ACL

Tuanze na 777, maana ndiyo inayopendekezwa ovyo kuliko zote. Ikiwekwa kwenye folda, akaunti yoyote iliyomo kwenye mashine inaweza kuongeza, kubadilisha na kufuta vilivyomo. Wengi hudhani "akaunti yoyote" ni wao na wenzao wawili. Sivyo. Huduma nazo zina akaunti zao: seva ya wavuti kwenye Debian na Ubuntu huendeshwa kama `www-data`, hifadhidata ina yake, barua pepe ina yake. Mvamizi akipenya kwenye tovuti, anakuwa `www-data`, na folda ya 777 inampokea.

Tena 777 huvunja vitu vinavyotegemea ukali wa ruhusa. Programu ya `ssh`, ya kuingilia kompyuta ya mbali, hukataa ufunguo wa siri unaosomeka na wengine. Unatakiwa uwe 600. Upande wa seva, folda yako ya nyumbani ikiwa inaandikika na kundi au na wengine, `sshd` kwa mipangilio yake ya kawaida haitakubali ufunguo wako hata ukiwa sahihi. Mtu anayeandika `chmod 777 ~` kwenye seva ya mbali anaweza kujifungia nje kwa mkono wake. Na anayethubutu `chmod -R 777 /usr` anaiondolea `sudo` biti ya setuid, alama inayoiruhusu kuendeshwa kwa mamlaka ya root, na kuanzia hapo `sudo` haifanyi kazi tena hata ya kurekebisha uharibifu huo. Sijaona hali ya kawaida ambapo 777 ndiyo jibu.

Kundi linahitaji amri nyingi kidogo, lakini unaziandika mara moja:

```
sudo groupadd wahariri
sudo usermod -aG wahariri juma
sudo chgrp -R wahariri /srv/makala
sudo chmod -R g+rwX /srv/makala
sudo find /srv/makala -type d -exec chmod g+s {} +
```

Mambo matatu humo yana uzito. Herufi `-a` kwenye `usermod` ni ya lazima: ukiisahau, Juma anaondolewa kwenye makundi yake mengine yote, pamoja na lile la `sudo` kama alikuwamo. `X` kubwa hutoa ruhusa ya kupita kwenye folda bila kuyageuza mafaili ya kawaida kuwa programu. Na `g+s` kwenye folda hufanya kila kitakachoundwa humo kirithi kundi la `wahariri` badala ya kundi binafsi la aliyekiunda. Baada ya hapo Juma atoke kwenye akaunti yake na kuingia upya, kwa sababu makundi husomwa wakati wa kuingia. Wengi hukata tamaa hapa na kurudi kwenye 777, wakati kilichobaki kilikuwa kutoka na kuingia tu.

Udhaifu wa kundi ni umask, thamani inayotaja ruhusa zipi ziondolewe faili linapoundwa. Mtumiaji mwenye umask ya 022 akiunda faili jipya, linatoka na 644, yaani kundi linasoma lakini haliandiki. Ama kila mwanakundi awe na umask ya 002, ama utumie njia ya tatu.

Njia ya tatu ni ACL (Access Control List), orodha ya ruhusa za ziada ambayo hukuruhusu kumtaja mtu mmoja mmoja au makundi zaidi ya moja juu ya faili lile lile:

```
setfacl -m u:juma:rw ripoti.txt
setfacl -d -m g:wahariri:rwx /srv/makala
```

Amri ya pili, yenye `-d`, ndiyo ninayoithamini zaidi. Inaweka ruhusa za kurithiwa: kila faili jipya ndani ya folda linazaliwa likiwa linaandikika na wahariri, umask iwe iwavyo. Kwa folda ya kazi ya pamoja, kundi pamoja na ACL ya kurithiwa ni mchanganyiko usio na usumbufu.

Ila ACL ina mtego wake. Ukiishaiweka, `ls -l` huongeza alama ya `+` mwishoni, na zile herufi tatu za katikati haziwi tena ruhusa za kundi. Zinakuwa kikomo cha juu kwa wote waliotajwa. Mtu mwingine akija kuandika `chmod 640 ripoti.txt` kwa nia njema, ruhusa ya Juma ya kuandika inakatwa kimyakimya. Jina lake bado linaonekana kwenye orodha ya `getfacl`, lakini pembeni kumeandikwa `#effective:r--`. Aidha, `cp` bila `-p` au `-a` huziacha ACL nyuma, na `tar` huzibeba tu ukiiambia `--acls`. Nakala ya akiba iliyorudishwa bila hizo huleta malalamiko ambayo chanzo chake ni kigumu kukiona.

Kwa hiyo: watu wenye haki sawa juu ya folda moja, wape kundi. Makundi mawili yenye haki tofauti juu ya folda ile ile, moja liandike na jingine lisome tu, hapo ACL inastahili. Mtu mmoja wa nje anayehitaji faili moja kwa muda, ACL pia, na uiondoe kwa `setfacl -x u:juma` akimaliza. Usizitawanye ACL kila mahali kwa sababu tu zinawezekana. Baada ya mwaka hakuna atakayejua ziko wapi.

Mara nyingine tatizo si ruhusa bali umiliki. Ukiwa umewahi kuendesha programu kwa `sudo` ikaandika mafaili ndani ya folda yako ya nyumbani, mafaili yale ni ya root, na programu ile ile ukiiendesha kawaida inashindwa. Dawa ni kuyarudisha kwako kwa `sudo chown -R asha:asha` na jina la folda husika, si kuendelea kuiendesha kwa `sudo` milele.

Kuingia kama root, su, au sudo

Root ni mtumiaji mwenye namba 0. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, haimhoji ruhusa za kusoma na kuandika. Kuendesha faili tu ndiko kunakotaka kuwe na angalau `x` moja. Kinachoweza kumzuia kwa muda ni alama kama ile ya `chattr +i`, inayofunga faili lisibadilishwe, nayo anaweza kuiondoa mwenyewe. Kwa hiyo kosa la tahajia la root halina wa kulizuia.

Kuingia moja kwa moja kama root kunafaa kwenye hali ya uokoaji, mfumo unapokataa kuwaka, na ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu) inayotupwa baada ya matumizi. Kwingineko sioni faida yake. Watu watatu wakitumia akaunti moja ya root, kumbukumbu za mfumo zinasema "root amefanya", basi. Hata walioandika programu walishafika huko: Ubuntu tangu toleo lake la kwanza la mwaka 2004 haimpi root nenosiri linalotumika, na OpenSSH kuanzia toleo la 7.0 la mwaka 2015 haimruhusu root kuingia kwa nenosiri mpaka mwenye seva abadilishe mipangilio.

`su` inauliza nenosiri la yule unayetaka kuwa. Ukitaka kuwa root, unatakiwa ulijue nenosiri la root. Mwenye kompyuta yake peke yake hana shida na hilo. Kwenye timu, siri moja inashikwa na watu wengi, na mmoja akiondoka inabidi ibadilishwe na wote waliobaki wapewe mpya. Ukiitumia, zoea `su -` yenye kistari, ambayo hukupa mazingira kamili ya root. Bila kistari, kwenye Debian kuanzia toleo la 10, unabaki na njia za utafutaji za mtumiaji wa kawaida, na amri za `/usr/sbin` zinaonekana kama hazipo kabisa.

`sudo` inauliza nenosiri lako wewe, kisha inatazama sera iliyoandikwa kwenye `/etc/sudoers`. Ilianzia mwaka 1980 hivi kwenye chuo kikuu cha jimbo la New York kilichopo Buffalo, Marekani, mikononi mwa Bob Coggeshall na Cliff Spencer. Faida yake kubwa ni huu mstari unaoachwa kwenye kumbukumbu:

```
asha : TTY=pts/0 ; PWD=/home/asha ; USER=root ; COMMAND=/usr/bin/systemctl restart nginx
```

Nani, akiwa wapi, amefanya nini. Kwenye Ubuntu na Debian za kabla ya toleo la 12 huwa ndani ya `/var/log/auth.log`, kwenye jamii ya Red Hat ni `/var/log/secure`, na `journalctl` nayo huonyesha. Lakini ukizoea kuandika `sudo -i` na kushinda humo, kinachoandikwa ni kwamba ulifungua sheli, yaani programu inayopokea amri zako, yaliyofuata hayaonekani. Umeirudisha `sudo` kuwa `su`.

Anayehamia Debian kutoka Ubuntu hushangaa kuambiwa kwamba hayumo kwenye sudoers. Sababu ni swali moja wakati wa kusakinisha: ukiweka nenosiri la root, Debian hudhani utatumia `su`, na mtumiaji wa kwanza haingizwi kwenye kundi la `sudo`. Ukiliacha wazi, anaingizwa. Kurekebisha ni `su -` kisha `usermod -aG sudo asha`. Kwenye Fedora na ndugu zake kundi hilo linaitwa `wheel`.

Nguvu halisi ya `sudo` ni kutoa kipande. Mtu anayepaswa kuwasha upya huduma moja tu hahitaji kuwa msimamizi wa kila kitu:

```
juma ALL=(root) /usr/bin/systemctl restart nginx
```

Mstari huo uandikwe kupitia `visudo`, ambayo hukagua makosa kabla ya kuhifadhi. Sudoers yenye kosa inaweza kukufungia nje. Na uwe mwangalifu na programu unayoitaja. Ukimruhusu Juma kuendesha `vim` au `less` kama root, umempa root kamili, kwa sababu ndani ya programu hizo anaweza kufungua sheli kwa amri fupi ya `!`. Kama shabaha ni kuhariri faili moja, mpe `sudoedit` na njia ya faili hilo: yeye anahariri nakala kwa akaunti yake, na `sudo` inairudisha mahali pake.

Kuna kisa kingine kinachowachanganya wengi: `sudo echo "mstari" >> /etc/faili` hukataliwa licha ya `sudo` kuwepo. Anayefungua faili ni sheli yako, kabla `sudo` haijaanza kazi, na sheli yako si root. Andika `echo "mstari" | sudo tee -a /etc/faili`.

`sudo` haina kinga ya makosa. Mnamo Januari 2021 kampuni ya Qualys ilitangaza tundu la CVE-2021-3156, lililokuwamo tangu 2011, ambalo lilimwezesha mtumiaji yeyote wa mashine kuwa root hata bila kutajwa kwenye sudoers. Lilizibwa kwenye toleo la 1.9.5p2. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya `pkexec`, programu nyingine ya kuendesha amri kama root, yenye tundu lililodumu tangu 2009. Somo ninalolichukua ni kusasisha mfumo bila kuchelewa, si kuikimbia `sudo`. Hata hivyo mbadala zipo. `doas`, iliyoandikwa na Ted Unangst na kutoka na OpenBSD 5.8 mwaka 2015, ni ndogo mno na mpangilio wake unaweza kuwa mstari mmoja, `permit persist asha`. Kwa kompyuta ya mtu mmoja inatosha. `run0`, iliyokuja mwaka 2024 na toleo la 256 la systemd (msimamizi wa huduma za mfumo), haitegemei setuid kabisa. Na Ubuntu 25.10 imeanza kutumia `sudo-rs`, iliyoandikwa upya kwa lugha ya Rust. Kwa seva yenye watu kadhaa na sera ya nani afanye nini, bado ningeshika `sudo` ya kawaida.

Milango ya pembeni isikupite. Kundi la `docker`, programu ya kuendesha kontena, ni root bila kuulizwa nenosiri: mwanakundi anaweza kuwasha kontena iliyobeba diski nzima ya mashine na kubadilisha chochote. Usimwingize humo mtu ambaye usingempa `sudo` kamili. Upande wa pili, programu ikitaka mlango wa mtandao ulio chini ya 1024, si lazima iendeshwe na root; `setcap cap_net_bind_service=+ep` juu ya faili lake inaipa uwezo huo mmoja tu.

Ukiishapanga, kagua. `sudo -l -U juma` hukuonyesha anachoruhusiwa Juma, `id juma` hukuonyesha makundi yake, na amri hii hukuorodheshea mafaili ambayo mtu yeyote anaweza kuyaandika kwenye kizigeu kilichobeba `/` (`-xdev` huruka vizigeu vingine):

```
sudo find / -xdev -type f -perm -0002
```

Kwenye mfumo safi orodha hiyo huwa fupi sana au tupu. Ikijaa, anza na yaliyomo ndani ya `/srv`, `/var/www` na folda za nyumbani, uyatoe kwa `chmod o-w` moja baada ya jingine huku ukiuliza ni kundi gani lilipaswa kuyamiliki.